Shingo ni ya Mshika Kisu

Mbuzi alikuwepo, mchele ulikuwepo, na kuni zilikwisha kupasuliwa zikaegemezwa ukutani. Kilichokosekana ni mkono wa kushika kisu, na kwa ajili ya mkono huo nyumba ya Ambrosi wa Ng'ambo ilikuwa haikaliki.

"Nimeshasema. Atachinja Mwalimu Silasi," alisema Ambrosi. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake vya karakana ya reli, na maneno hayo aliviambia viatu, hakumtazama mkewe.

"Nami nimeshasikia," alijibu Apolinaria. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, anatoa vijiwe na kuvitupa mlangoni. "Kusikia siyo kukubali, Baba Jilala."

"Kwani shida yako nini? Mbuzi ni mbuzi. Achinjwe na huyu, achinjwe na yule, ataingia sufuria lilelile."

"Sufuria lilelile, sawa. Je, sahani? Zamda atakula? Bimdogo atakula? Watu waliomfulia mama yako mashuka mpaka siku anakata roho, niwaite kwenye arobaini yake niwape wali mkavu, wakae pembeni kama kuku wageni?"

Ambrosi alikaza kamba ya kiatu cha pili, ingawa ilikuwa imekaza tayari.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Shughuli iwe ya Mkristo, iwe ya Mwislamu, iwe ya Mnyamwezi ambaye bado anawatambikia babu zake, kisu kilishikwa na Mwislamu, ili asitokee mtu wa kuigeuzia sahani uso. Mkristo hakupungukiwa kitu, na kila mtu alikula. Mshika kisu naye alikuwa na haki yake, nayo ni shingo. Miaka nenda miaka rudi mshika kisu wao alikuwa Mzee Muhanna, Mwarabu mwenye duka la kona, pale ilipopita njia ya zamani ya misafara. Alichinja, akapokea shingo yake, akaifunga kwenye karatasi, kisha akaipeleka kwa Bibi Nyamizi, mama yake Ambrosi, achemshiwe mchuzi, maana bibi hakuwa na meno. "Mwarabu kaniletea mshahara wa babu yangu," bibi alikuwa akisema kwa sauti mtaa usikie. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu za babu yake Muhanna kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Muhanna alikuwa akijibu kwamba mshahara huo ungekuwa mkubwa zaidi kama babu asingelala njiani. Wawili hao walicheka mpaka wakafuta machozi, na aliyewasikia hakujua kama ni mzaha mtupu au ni deni la kweli linalolipwa kidogo kidogo.

Sasa Bibi Nyamizi alikuwa kaburini, na duka la kona lilikuwa na kufuli la serikali. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya maduka, biashara zirudi mikononi mwa wananchi. Watu walikuja na lori, wakapakia vitenge, chumvi, mafuta ya taa, hata mizani, na mtaa mzima ukasimama kutazama. Wengine walipiga makofi. Mzee Muhanna alisimama barazani na kanzu yake, mikono nyuma, mpaka lori likaondoka. Akaingia ndani, na tangu siku ile hakutoka tena. Watu aliowapa chumvi kwa mali kauli wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

"Abasi amekwisha kunionya," alisema Ambrosi. "Na balozi wa nyumba kumi si mtu wa kuchezea. Sukari inapita mikononi mwake. Akipeleka habari tawini kwamba nyumba hii inakumbatia mirija ya wanyonyaji, tutakunywa chai ya chumvi."

"Tutainywa."

"Na kazini je? Wanatafuta msimamizi. Nimengoja miaka mingapi?"

Apolinaria aliweka ungo chini. "Alfajiri ile mama alipofariki, bafta ya sanda ilitoka duka gani?"

Ambrosi alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Alijua ilipotoka. Mzee Muhanna alilifungua duka kabla ya adhana, akaikata bafta kwa mkono wake, na Ambrosi alipoingiza mkono mfukoni yule mzee alimshika kifundo. "Mtani wangu hanunuliwi nguo ya safari," alimwambia.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata masufuria. Yale makubwa ya shughuli yalikuwa ya kigango, na Apolinaria, mwimbishaji wa kwaya na mkubwa wa akina mama, ndiye aliyeyasugua kwa majivu kila mwezi. Alidhani kuyaomba ni kama kuomba maji kwenye mtungi wako mwenyewe. Lakini Padri alikuwa likizo kwao Ulaya, na funguo zilikuwa kwa Mwalimu Silasi, mwalimu wa dini.

Silasi hakuwa mtu mbaya, na tusimsingizie. Kijana mwembamba, mwenye sauti nzuri, aliyeendesha baiskeli mpaka porini kuwafundisha watoto sala, na aliyewahi kumbeba mgonjwa wa kipindupindu mgongoni. Ila alikuwa na kidonda.

"Mama Jilala, mimi nimekulia mji huu," alisema, amesimama mlangoni mwa stoo. "Nikienda kisimani naitwa kafiri. Nikigusa kata, wenzangu wanaisuuza mara mbili. Leo tuna uhuru wetu, na bado Mkristo hawezi kuchinja mbuzi wake mwenyewe nyumbani kwake? Mkono anao. Kisu anacho. Kwa nini akamwombe Mwarabu?"

"Waliokuita kafiri walikukosea. Muhanna alikuita?"

"Siyo suala la Muhanna."

"Mimi ndiye ninayemzungumzia."

Silasi alivuta pumzi. "Tulikwenda kwake, ujue. Mimi na wazee wawili, ile wiki waliyomfungia. Nilimwambia Mungu amemvua vya dunia ili ampe vya mbinguni, na mlango wa kanisa uko wazi. Akatupa kahawa. Hakusema neno. Moyo mgumu."

Apolinaria alihisi uso unamwaka. Aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyekwenda. "Mtu katoka kuporwa, mkaenda kumwambia Mungu ndiye mwenye lori?"

"Nilikwenda kumvuta kwa Yesu."

"Mtu si ng'ombe, Mwalimu, havutwi. Kila Alhamisi Kuu Padri anainama anaosha miguu ya wazee, na wazee wenyewe wamekwisha kuiosha nyumbani na kuipaka mafuta. Siku moja tu ningependa kuona tunaosha mguu wenye vumbi."

Silasi hakupenda maneno hayo. Midomo yake ilikaza. "Kama atachinja Muhanna, masufuria hayatoki humu. Mimi sitakuja kuongoza sala ya arobaini. Na Jumapili hii usisimame mbele kuimbisha, mpaka Padri arudi aamue."

Akina mama wawili waliokuwa wakifagia uwanja waliacha kufagia ili wasikie vizuri. Apolinaria alikuwa amewafundisha nyimbo wote wawili. Hakuna aliyemtetea.

"Marehemu alibatizwa hapa kabla hujazaliwa," alisema taratibu. "Mungu atamjua bila masufuria yako." Akajifunga khanga vizuri, akaondoka akiwa amenyoosha shingo. Alipofika nyuma ya ukuta wa kanisa aliegemea tofali na kulia, kwa sababu kuimba ndiyo faraja pekee aliyokuwa amebakiwa nayo, na hata hiyo amenyimwa.

*

Bimdogo, mkewe Muhanna, alifungua mlango nusu. Zamani mlango ule ulikuwa haufungwi mchana.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pita upesi."

"Kwa nini upesi?"

Bimdogo alitazama barabara. Ndani, Mzee Muhanna alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, ndevu hazijapunguzwa. Amekonda. Apolinaria alimwamkia, akaketi chini karibu na mlango, akaeleza haja yake bila kuzunguka.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Wenzako walikuja hapa na kitabu," alisema. "Na wewe umekuja kunisalisha?"

"Nimekuja kuomba mkono wako, baba. Roho yako ina mwenyewe."

Alikaribia kucheka, lakini kicheko hakikufika. "Mkono huu ulikuwa wa mwenye duka, watu wakiuheshimu. Sasa ni wa mnyonyaji. Nikija kwako watakuandama. Wanasema babu zangu walikuja na minyororo. Na ni kweli, siwezi kuisafisha kwa sabuni. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa Tabora, nitazikwa hapa, lakini Oman ninaisikia kwa watu tu. Sasa nikae wapi? Nakaa ndani. Nenda, mwanangu. Mpe kisu mtu mwingine."

"Mama alikula shingo yako miaka yote. Nani mwingine?"

"Mama hayupo."

"Ndiyo maana kuna arobaini."

Mzee aligeuza uso ukutani. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Apolinaria aliaga, akatoka, lakini hakwenda kwake. Baraza lile la duka, ambalo wanaume walikuwa wakigombania nafasi ya kuchezea bao, lilikuwa limejaa vumbi, hakuna aliyelikalia tangu siku ya lori. Alilifagia kwa mkono, akatandika khanga yake ya pili, akakaa, miguu ameinyoosha mbele kama mtu wa nyumbani.

Watu walianza kupita. Muuza karanga akapunguza mwendo. Mafundi cherehani wa ng'ambo ya pili wakasimamisha cherehani. Akina mama wa kwaya wakapita, wakamwona, wakashusha macho. Yeye aliwaamkia wote kwa majina, kwa sauti ya juu, na mtu akiamkiwa kwa jina hana budi kuitika. Hofu alikuwa nayo. Lakini alikuwa na hasira pia, na siku ile hasira ilimfaa kuliko fimbo.

Jua liliposogea, kitasa kikalia nyuma yake. "Ondoka hapo, mwanangu," alisema Muhanna kutoka ndani. "Wanakuona."

"Ndiyo maana nimekaa."

Kisha sauti ya Bimdogo ikasikika, kali, ya mke aliyechoka kumbembeleza mume. "Mtoto wa watu anaungua jua kwa ajili yako, nawe umejifunika humu kama mwari."

"Kisu kimeshika kutu," alisema mzee.

"Kutu inasuguliwa," alisema Bimdogo. Akatokeza kichwa mlangoni. "Mama Jilala, sufuria unalo?"

"Sina, mama. Nimenyimwa."

"Basi njoo Jumamosi asubuhi. Lile la shaba la harusi yangu hawakulichukua. Nililigeuza chini juu, nikalikalia, nikasema mimi mtu mzima siwezi kusimama."

*

Jumamosi asubuhi Apolinaria alitoka nyumbani mapema kulifuata sufuria. Alimwacha Ambrosi, aliyekuwa ameacha kubisha, anapanga mafiga, na Zamda, mke wa Abasi balozi, anakata vitunguu. Zamda alikuja bila ruhusa ya mumewe na aliitangaza habari hiyo mwenyewe. "Ameniambia nisije," alisema. "Nami nimemwambia sikio langu la upande huo limeziba."

Sufuria lile lilikuwa zito, na Apolinaria alilibeba kichwani. Nyuma yake alikuja Bimdogo na buibui lake, kisha Mzee Muhanna, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kilemba kichwani, kisu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ndevu zimepunguzwa. Alitembea taratibu, katikati ya barabara. Fundi cherehani mmoja alisimama. "Shikamoo, Mzee Muhanna," alisema, na wa pili naye ikambidi aseme. Apolinaria hakugeuka, shaba ilimzuia, lakini aliisikia ile "marahaba" ikitoka, ya kwanza imekwaruza, ya pili imenyooka.

Walipoingia uani, mbuzi alikuwa amekwisha kuning'inizwa kwenye boriti ya jiko, kichwa hakipo. Mwalimu Silasi alikuwa amekunja mikono ya shati, anamchuna. Ambrosi alisimama kando, ameshika beseni. Zamda alikuwa ameketi chini, ametupa kisu cha vitunguu mbali.

Damu ilikuwa bado inadondoka kwenye majani.

Muhanna alitazama mbuzi, akatazama kitambaa chake cheupe. "Mama Jilala," alisema polepole. "Umeniita nije nione?"

Maneno yale yalimkata Apolinaria kuliko kisu chochote kilichokuwa pale. Alilishusha sufuria chini kwa mikono miwili. Alimtazama mumewe, na Ambrosi akashindwa kumtazama.

"Alikuja ulipotoka tu," Ambrosi alisema. "Akasema ni vizuri jambo limalizike kabla... kabla watu hawajaaibika."

"Limemalizika," alisema Silasi. Sauti yake haikuwa na ushindi aliotaka iwe nao. "Mbuzi wa Mkristo, mkono wa Mkristo, uani kwa Mkristo. Mzee Muhanna, sina ugomvi na wewe."

"Nimekuelewa, Mwalimu." Mzee aligeuka kuondoka.

"Baba, nakuomba, keti," alisema Apolinaria. Akaenda mwenyewe ndani, akatoa kiti cha pekee chenye mgongo, cha marehemu, akakiweka kivulini. "Keti. Sijamaliza."

Akaenda kwenye banda la kuku. Kuku wale walikuwa wake, mali yake ya pekee asiyomwomba mtu. Mayai yao ndiyo yaliyonunua sabuni, daftari, na nauli ya Jilala mwanawe alipokwenda jeshi la kujenga taifa. Kila mmoja alimjua kwa tabia. Aliingia ameinama, na kelele zikaanza. Akatoka na wawili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, miguu juu, akawaweka mbele ya Muhanna. Akarudi. Akatoka na wengine. Alimwacha mmoja tu, aliyekuwa ameatamia.

"Mama Jilala, hao wanataga," alisema Zamda.

"Walikuwa wanataga." Unyoya ulikuwa umemnasa kwenye nywele. Alimgeukia Silasi. "Mimi maandiko siyajui kama wewe. Ninachokijua ni nani aliyeshika mkono wa mama mkwe wangu anakufa, na nani aliyemfulia, na nani aliyempa sanda. Hao hawatakaa kwangu watazame wengine wakila. Umesikia? Hawatakaa. Mbuzi huyu sitampika."

"Utamtupa mbuzi mzima?"

"Chakula hakitupwi. Nakupa. Mpeleke kigangoni, kuna wajane pale wenye njaa, wapikie kwa yale masufuria. Halafu ukimaliza, urudi ule na sisi. Sikufukuzi, Mwalimu, usiende kusema nimekufukuza. Nakukaribisha mbele ya watu hawa wote."

Silasi alifungua mdomo. Kabla hajasema, Ambrosi aliliweka beseni chini. Alikwenda kwenye boriti, akamfungua mbuzi, akamkunja kwenye gunia, akambeba begani, damu ikimchirizikia mgongoni, akamfunga kwenye karia ya baiskeli ya Mwalimu. Alifunga kamba kwa nguvu zake zote. Alipomaliza alikwenda mpaka mbele ya kile kiti cha mama yake, akachuchumaa.

"Mzee," alisema. "Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa, mwanangu," alisema Muhanna. "Mshike huyo kuku miguu. Kibla kule."

*

Watu hawakuja wengi. Hilo lisemwe kweli, maana katika habari za namna hii watu hupenda kusema mtaa mzima ulifurika. Walikuja mafundi cherehani wawili na muuza karanga, jamaa wachache wa Ambrosi kutoka kijiji cha Choma waliosafiri na debe la asali, na wazee waliokuwa wakicheza bao barazani. Kutoka kigangoni alikuja mama mmoja wa kwaya, aliyejifunika uso mpaka alipoingia uani.

Sala ilibaki bila mwenyewe. Watu walitazamana. Ambrosi, ambaye kanisani hukaa kiti cha nyuma na kusinzia, alivua kofia. "Bwana," alisema, akaikunja kofia mkononi. "Mama alipenda mchuzi wa shingo. Wewe unajua alikoupata. Mpokee." Wakristo wakasema amina, na Waislamu wakasema amin, na hakuna aliyepima nani kasema kwa sauti zaidi.

Kisha Apolinaria alichukua birika na beseni. Mfiwa hanawishi wageni, mfiwa ndiye hunawishwa, na Bimdogo alijaribu kumnyang'anya. Alikataa. Alianza na Mzee Muhanna, akapiga goti, akamimina. Akaenda kwa mafundi, kwa muuza karanga, kwa kila mtu, goti chini kila mahali, na khanga yake ikawa tope magotini.

Alikuwa hajamaliza Abasi alipoingia. Balozi alikuwa amevaa kofia yake ya mikutano. Alitazama jamvi, akamwona Muhanna, akamwona mkewe mwenyewe anakoroga sufuria la shaba.

"Mkusanyiko huu una kibali?" aliuliza.

"Ni arobaini, balozi," alisema Apolinaria. "Marehemu hakuomba kibali cha kufa. Nawa mikono."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Abasi alisimama pale, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, siyo kwa birika. Zamda alisema bila kugeuka, "Nawa, baba, wali unapoa. Kuku kachinjwa na Mwislamu mwenzio, unataka nini tena?" Abasi alinyoosha mikono. Alikaa upande wa mbali, mgongo ameuelekeza kwa Muhanna, na Muhanna akasogea kidogo ili mgongo huo upate nafasi. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Walikula.

Zamda alileta bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele ya mzee. "Haki ya mshika kisu," alisema.

Muhanna alifunua. Zilikuwa shingo za kuku, zimerundikwa. Alizitazama, na safari hii kicheko kilifika. "Nimeshushwa cheo," alisema. Kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ulianza kutafuta karatasi ya kufungia, ukasita hewani. Kulikuwa hakuna wa kupelekewa. Bimdogo alitazama pembeni, Ambrosi akauma midomo, na Apolinaria, aliyekuwa hajalia tangu siku ya ukuta wa kanisa, alilia waziwazi akiwa ameshika birika.

Ndipo alipomwona Silasi nje ya ua. Amesimama na baiskeli yake, mikono yote miwili ameshika usukani, karia ni tupu. Haikujulikana amekuja kutazama nani kala na nani hakula, au amekuja kwa sababu ameitwa. Labda mwenyewe alikuwa hajui.

Mzee Muhanna naye alimwona. Alilisukuma bakuli kidogo mbele, upande wa mlango. "Mwambie Mwalimu aingie," alisema. "Shingo ni ya mshika kisu, na yeye leo ameshika."

Hakuna aliyejua kama ni mzaha au ni msamaha. Ilikuwa sauti ileile aliyokuwa akimtania nayo Bibi Nyamizi.

Apolinaria alifuta uso kwa kiganja, akaongeza maji kwenye birika, akaenda mlangoni. Alipiga goti mbele ya gurudumu la baiskeli, akaweka beseni chini, akainua birika.

"Nawa, Mwalimu."

"Nikinawa hapa, watu watasema nimekubali."

"Watasema umenawa."

"Mama Jilala, Jumapili mimi bado—"

"Jumapili ni kesho. Jumapili utanifungia, nami nitaimba nikiwa nimekaa nyuma, na sauti yangu unaijua. Leo ni leo. Nawa."

Chini ya kucha za Silasi damu ya asubuhi ilikuwa bado haijatoka. Alitazama uani, akatazama bakuli, akatazama ukuta wa ua, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemeza baiskeli. Nyuma, wote waliacha kula. Birika lilikuwa limejaa, na mkono wa Apolinaria ulianza kumuuma, kisha bega, kisha mgongo.

Hakuushusha.